Kasai ikigoma: kurudia upasuaji, kupandikiza ini au kusubiri?

"Sista, njoo uangalie."

Mama alikuwa ameishika nepi kwa mikono miwili, ameisogeza dirishani penye mwanga. Kwa wiki saba tangu mwanawe apasuliwe, choo kilikuwa cha kijani, kisha cha njano iliyokolea, na macho ya mtoto yalikuwa yameanza kuwa meupe. Asubuhi ile choo kilikuwa na rangi ya ugali wa sembe uliopoa. Usiku mtoto alikuwa amechemka mwili mzima. Mama hakuniuliza kama kuna tatizo, hilo alishalijua. Aliniuliza, "Watampasua tena?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kwenye wodi ya watoto, na wazazi wa watoto wenye mirija ya nyongo iliyoziba (kitaalamu biliary atresia) ambao walishafanyiwa upasuaji uitwao Kasai, na wanaouliza huwa hawana muda wa kuzungushwa. Hapa naziweka njia tatu zilizopo kwa pamoja, kila moja kwenye mizani ile ile, ili mzazi anapoingia kuonana na daktari wa upasuaji awe anajua anachouliza.

Ugonjwa wenyewe

Mirija inayotoa nyongo kwenye ini kuipeleka utumboni huvimba, huziba na kugeuka kovu katika wiki za mwanzo za maisha ya mtoto. Tusichanganye na homa ya manjano inayoletwa na mbu. Haya ni manjano ya nyongo iliyokosa njia. Ugonjwa ni adimu. Ulaya humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000, na Asia Mashariki huonekana zaidi ya hapo. Asipopasuliwa, mtoto kwa kawaida hafikishi miaka mitatu.

Mwaka 1955, huko Sendai nchini Japani, daktari Morio Kasai alilikata lile kovu mpaka kwenye lango la ini, pale mirija inapotokea, akashonea hapo kipande cha utumbo mdogo ili nyongo iteremke kutoka kwenye vijirija vilivyobaki wazi. Alichapisha kazi hiyo kwa Kijapani mwaka 1959, na hadi leo huo ndio upasuaji wa kwanza anaofanyiwa mtoto popote duniani. Kwenye vituo vyenye uzoefu, manjano huisha kwa karibu nusu ya watoto, na aliyepasuliwa kabla ya siku 60 ana nafasi nzuri kuliko aliyecheleweshwa akiota jua la asubuhi. (Jua haliponyi manjano haya. Mtoto aliyepita wiki mbili akiwa bado wa manjano apimwe bilirubini (rangi ya manjano iliyo kwenye damu) ya aina zote mbili, siku hiyo hiyo.)

Makala hii ni ya nusu iliyobaki, pamoja na wale ambao manjano yaliisha kisha yakarudi.

Mambo ya kupima

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote: baada ya upasuaji wa kwanza, nyongo iliwahi kutoka vizuri? La pili, ini lenyewe liko katika hali gani leo. La tatu, mtoto atakuwaje akiwa na miaka kumi au ishirini. La nne, uamuzi wa leo unafanya nini kwa upasuaji unaoweza kuja kesho, kwa sababu tumbo lina kumbukumbu. La mwisho ni familia: nani anaweza kutoa kipande cha ini, fedha zinatoka wapi, na nani atabaki na watoto wengine nyumbani.

Njia tatu zenyewe

Kurudia Kasai ni kulifungua tumbo pale pale. Daktari hutenganisha utumbo ulionata kwenye ini, huuachanisha na lango, hukata kovu jipya lililoota hapo mpaka aone nyongo ikichuruzika, kisha hushona upya. Kuna pia upasuaji wa jamii yake ambao wazazi hawaelezwi vya kutosha. Wakati mwingine lango la ini halina shida, ila kile kipande cha utumbo kimejikunja au kimebanwa, nyongo ikatuama ndani yake na vijidudu vikazaliana. Kukinyoosha au kukitoa mahali kilipobanwa ni kazi tofauti na kukata kovu la lango, na matumaini yake ni makubwa zaidi. Muulizeni daktari kama vipimo vya picha vimeliangalia hilo kabla hamjajadili mengine.

Kupandikiza ini ni kuliondoa ini la mtoto lote na kuweka mahali pake kipande cha ini la mtu mwingine, kwa kawaida sehemu ya kushoto, isiyozidi robo ya ini la mtu mzima. Historia ya upasuaji huu imefungamana na ugonjwa wetu. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa ini, Machi 1963 mjini Denver mikononi mwa Thomas Starzl, alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mirija ya nyongo iliyoziba, na alifariki mezani kwa kuvuja damu. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama kutoka Japani alimpa mwanawe kipande cha ini lake na mtoto akapona. Tangu hapo mzazi amekuwa mtoaji wa kwanza kufikiriwa.

Kusubiri kwa dawa ni kuliacha tumbo bila kulifungua na kulisaidia ini lililopo: antibayotiki za dripu kila homa inapozuka, dawa ya kulainisha nyongo, vitamini A, D, E na K, maziwa maalumu yenye mafuta ambayo utumbo huyanyonya hata nyongo ikiwa chache, na uangalizi wa karibu. Mafuta ya nazi yana kiasi fulani cha mafuta ya namna hiyo, lakini hayawezi kushika nafasi ya maziwa hayo. Vitamini K isipuuzwe hata siku moja, kwa sababu mtoto asiyeipata anaweza kuvuja damu kichwani bila kuanguka wala kugongwa.

Nyongo iliwahi kutoka?

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Mtoto ambaye choo chake hakijawahi kupata rangi tangu apasuliwe hana cha kupata kwenye Kasai ya pili. Vijirija vya kuipitisha nyongo huenda havipo, au vilishakufa kabla ya kisu cha kwanza, na kukata tena hakuvifufui. Japani waliwahi kuwarudia watoto wa namna hii, hata mara mbili au tatu, enzi ambazo hakukuwa na mlango mwingine. Walichojifunza ni kwamba wachache mno walifaidika. Kwa mtoto huyu upandikizaji ndiyo njia yenye mwelekeo, na dawa ni za kumfikisha huko akiwa na nguvu.

Mtoto aliyepona manjano kabisa, choo kikawa cha rangi nzuri kwa wiki au miezi, halafu ghafla kikapauka, ni habari nyingine. Vijirija vyake vipo na viliwahi kufanya kazi. Huyu ndiye ambaye Kasai ilibuniwa irudiwe kwa ajili yake. Kwenye kundi hili lililochaguliwa kwa uangalifu, nyongo hurudi kwa sehemu nzuri ya watoto, pengine nusu hivi, ingawa vituo hutofautiana sana na vingi vimewapasua watoto wachache. Daktari akikupa asilimia, mwulize ni za watoto wangapi, na ni wa kundi gani.

Hata hivyo, kupauka kwa ghafla hakumaanishi kisu papo hapo. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya mirija: homa, choo cheupe, bilirubini kupanda. Siku za kwanza ni za antibayotiki za dripu, na vituo vingi huongeza steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) za dozi kubwa kwa siku chache. Yule mama wa dirishani, mwanawe hakupasuliwa. Siku ya tano aliniita tena, akaninyooshea nepi bila neno. Choo kilikuwa kijani kama mlenda. Tuliangaliana tu.

Dawa hizo zikishindwa na choo kikabaki cheupe, ndipo mazungumzo ya kurudia upasuaji yanapoanza, na yaanze mapema, kwa kuwa kila wiki ya nyongo iliyosimama inaongeza kovu ndani ya ini.

Niongeze jambo moja kuhusu steroidi, kwa sababu wazazi huziomba kama mbadala wa upasuaji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wenye watoto 140, uliwapa nusu yao steroidi za dozi kubwa mara baada ya Kasai ya kwanza. Haukuonyesha faida ya wazi katika kutoka kwa nyongo. Kuzitumia siku chache nyongo inaposimama ghafla ni jambo tofauti, lakini zisitegemewe kufanya kazi ya mikono ya daktari.

Ini limefikia wapi

Kipimo rahisi cha mwanzo ni bilirubini ya mwezi wa tatu baada ya Kasai. Ikiwa chini ya miligramu 2 kwa desilita (mikromoli 34 kwa lita, kama majibu yenu yanakuja hivyo), ini lina nafasi ya kudumu miaka, na kusubiri kwa dawa kunafaa. Ikiwa imebaki juu ya 6, familia ipelekwe kwenye kituo cha kupandikiza bila kungoja dalili nyingine.

Kasai ya kurudia inahitaji ini ambalo bado ni laini kiasi. Tumbo likishajaa maji, bandama ikashuka mpaka karibu na kitovu, mtoto akatapika damu kutoka kwenye mishipa iliyovimba ndani ya njia ya chakula, kurudia upasuaji ni kumchosha mtoto bure. Upandikizaji ndio unaolijibu ini la namna hiyo. Lakini nao una masharti yake: mtoto wa kilo tano au sita ana mishipa myembamba mno, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa ulioshonwa, na kipande cha ini la mtu mzima kinaweza kuwa kikubwa kuliko tumbo lake. Vituo vikubwa huwapandikiza hata hao, ila mtoto wa kilo nane au kumi humpa daktari nafasi zaidi. Ndiyo maana watu wazima na akili zao wanaweza kuchagua kurudia Kasai huku wakijua kwamba ini halitadumu: wananunua miezi ya kukua.

Kusubiri kwa dawa hakuna kizingiti cha kuingilia. Hatari yake ni kwamba kimya chake hudanganya. Mtoto hupoteza nyama za mikono huku tumbo likivimba, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda kwa sababu ya maji, na nyumbani wanafurahi kwamba ananenepa. Pimeni mzunguko wa mkono wa juu, msiamini mizani peke yake.

Miaka ya mbele

Ini la kuzaliwa, hata Kasai ilipofaulu, linabeba ugonjwa. Ufaransa ni kama robo tu ya waliopasuliwa wanaofika miaka 20 wakiwa na ini lao. Japani ni karibu nusu. Wengi wa hao wana makovu kwenye ini, bandama kubwa, na wanachunguzwa kwa kamera mara kwa mara. Wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa, lakini kliniki hawaiachi.

Aliyerudiwa Kasai na nyongo ikatoka tena huingia kwenye safari hiyo hiyo akiwa nyuma kidogo. Wapo waliokua na kufika utu uzima kwa ini lao. Walio wengi hatimaye huhitaji ini jingine, ila baada ya miaka badala ya wiki. Kwa familia yenye mtoto wa miezi mitano, tofauti kati ya kupandikizwa sasa na kupandikizwa akiwa na miaka minne si ndogo hata kidogo.

Aliyepandikizwa ana takwimu nzuri kuliko zote: kwenye vituo vyenye uzoefu, watoto tisa kati ya kumi hivi huwa hai baada ya mwaka wa kwanza, na wengi wa hao huwa hai miaka kumi baadaye. Anakula, anakua, macho yanakuwa meupe ndani ya wiki. Anachobadilisha ni ugonjwa mmoja kwa ulezi wa maisha. Atameza dawa za kushusha kinga, takrolimasi hasa, kila siku kwa saa zile zile, na damu ipimwe kiwango chake. Dawa hizo huweza kuumiza figo, na virusi ambavyo kwa mtoto mwingine hupita kama mafua, kwake vinaweza kuleta uvimbe wa tezi na hata saratani. Chanjo za vijidudu hai, kama ya surua, kwa kawaida hazitolewi tena baada ya upandikizaji. Zungumzeni na daktari kuhusu kuiwahisha, kwani inaweza kutolewa kuanzia miezi sita, kabla ya ile tarehe ya miezi tisa.

Novemba 1998, mjini Delhi, mtoto wa miezi 20 mwenye ugonjwa huu alipandikizwa kipande cha ini la baba yake, upandikizaji wa kwanza wa ini kufaulu kwa mtoto nchini India. Mtoto huyo alikua, akasomea udaktari.

Tumbo lina kumbukumbu

Kila tumbo linapofunguliwa, utumbo hunata: kwenye ini, kwenye ukuta wa tumbo, wenyewe kwa wenyewe. Daktari wa upandikizaji anayemkuta mtoto aliyerudiwa Kasai hutumia saa nyingi kuachanisha kabla hajaligusa ini. Damu hupotea zaidi, na utumbo unaweza kutoboka bila kuonekana hadi siku kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo vituo vingi vinavyokubali kurudia, hurudia mara moja tu. Akitokea mtu kuwashauri ya tatu, tafuteni maoni ya daktari mwingine kwanza.

Mizani hii inaelemea upande wa kupandikiza mapema au kusubiri. Lakini isisomwe peke yake. Watoto waliorudiwa mara moja, kwa sababu sahihi, hupandikizwa baadaye na hupona; kazi inakuwa ngumu zaidi, haiwi isiyowezekana.

Mzazi, mfuko na safari

Kurudia Kasai hakuhitaji mtoaji, wala dawa za kushusha kinga. Kunahitaji daktari aliyezoea lango la ini la mtoto mchanga, na hao si wengi. Uingereza iliona jambo hili, na tangu 1999 England huwapeleka watoto wote hawa kwenye vituo vitatu tu: London, Leeds na Birmingham. Kama Kasai ya kwanza ilifanywa na daktari aliyewahi kuifanya mara mbili tatu maishani, ya pili isifanywe na yeye peke yake.

Kupandikiza kunaigusa miili miwili. Mtoaji awe mtu mzima mwenye afya, kundi la damu linaloendana, ini lisilo na mafuta mengi. Mama mjamzito hawezi. Ini la mtoaji litajaza nafasi ndani ya miezi michache, lakini hatari ya kufa ipo, takriban mmoja kati ya elfu kwa kipande cha kushoto, na nimeona kina baba wakisaini bila kuambiwa namba hiyo. Muambiwe. Na kama kina baba wadogo, shangazi na mjomba wamekaa kikao kikaamua nani atoe, huyo aliyeamuliwa apewe nafasi ya kuongea na daktari faragha, aseme hapana bila kujulikana.

Familia nyingi za Afrika Mashariki huenda India, na wengine Cape Town au Johannesburg. Sheria ya India ya 1994 inataka undugu wa mtoaji na mtoto uthibitishwe mbele ya kamati. Kusanyeni vyeti vya kuzaliwa na barua za ubalozi mapema, kwa kuwa karatasi zimewahi kumchelewesha mtoto kuliko hata fedha. Fedha nazo ni makumi ya mamilioni ya shilingi za Tanzania, na harambee ikikusanya za kwenda tu, haijatosha. Ulizeni kabla ya kupanda ndege: tukirudi, kiwango cha takrolimasi kitapimwa maabara gani, na dawa itanunuliwa wapi mwezi wa saba baada ya kurudi?

Kusubiri ni rahisi kwa leo. Gharama zake ni za mfululizo: dripu, maziwa, nauli za kliniki, kazi ya mama inayokatika kila homa inapopanda.

Kwa hali yenu

Choo hakijawahi kupata rangi tangu Kasai: msipoteze miezi kwenye upasuaji wa marudio. Ombeni rufaa ya upandikizaji na lishe ya nguvu kuanzia wiki hii. Kama hakuna mtoaji wala fedha kwa sasa, dawa na lishe vinaendelea, na mwombeni daktari awaeleze kwa uwazi muda unakwenda vipi na namna ya kumpunguzia mtoto kuwashwa na maumivu.

Manjano yaliisha kabisa, yamerudi ghafla, ini bado laini: kwanza dripu na steroidi, kisha, zikishindwa, kurudia Kasai mara moja ni chaguo la heshima, hasa kama mtoto ni mdogo sana kupandikizwa au kituo cha upandikizaji kiko nchi nyingine. Mpeni daktari wa upandikizaji nakala ya majibu kabla ya kisu, asiwe wa kuambiwa baadaye.

Homa za kurudia, choo kikiwa bado na rangi: tafuteni kwanza utumbo uliobanwa au madimbwi ya nyongo ndani ya ini, ambayo yanaweza kushughulikiwa bila kuligusa lango.

Tumbo lina maji, anatapika damu, au midomo na kucha zinakuwa za bluu: hapo ni kupandikiza, na kwa haraka.

Bilirubini iko chini, anakua, bandama imevimba kidogo: subirini kwa dawa, kliniki zisirukwe, na chanjo zikamilike.

Na kwa hali yoyote ile, pigeni picha ya nepi kila asubuhi, dirishani kwenye mwanga wa jua na si chini ya taa, mwandike tarehe. Daktari atakapouliza nyongo ilisimama lini, mfungulieni simu mumwonyeshe siku yenyewe.